Injini Iliyokataa Kutulia

Kila chombo kilichoundwa kwenda hapana budi kiundwe pia kutulia. Mashua ina tanga na nanga. Farasi ana mjeledi na lijamu. Gari lina kikanyagio cha mafuta na springi ya kukirudisha. Watu wengi huusifu uwezo wa kwenda. Wachache huufikiri uwezo wa kurudi mpaka siku unapowatoka. Mimi nilikuwa miongoni mwa hao wengi, na nitakusimulia, msomaji, jinsi nilivyofundishwa.

Barabara itokayo Embu kwenda Meru huikata migongo ya mashariki ya Mlima Kenya. Mito iteremkayo kutoka mlimani kuelekea Tana imeichimba nchi ile mabonde mengi, na barabara haina hila ila kushuka katika kila bonde na kupanda tena. Hupita Runyenjes, huvuka Thuci, hufika Chuka. Kisha huteremkia daraja la Nithi kabla ya kuelekea Chogoria na Nkubu. Bonde la Nithi lina sifa ya kuhuzunisha. Mwezi wa Julai 2022 basi lililotoka Meru lilitumbukia humo, na watu zaidi ya 30 wakafa. Dereva yeyote wa huku akikaribia mteremko ule hunyamaza, hata kama alikuwa akiimba.

Nina pikapu kuukuu niliyoachiwa na marehemu baba yangu. Mapema mwaka 2023 ilianza tabia ngeni. Mara chache, niondoapo mguu katika mafuta, injini haikushuka sauti. Iliendelea kunguruma kana kwamba mguu wa mtu mwingine ulikuwa pale. Nikigongagonga kikanyagio ilitulia. Nilimwendea fundi nikamwambia, "Kabureta imekufa, nibadilishie." Akanibadilishia. Nililipa shilingi 11,000, na kwa majuma mawili nilijiona mwerevu.

Mwezi wa Aprili mwaka ule nilikuwa nikimpeleka mama wa mwalimu mwenzangu katika hospitali ya Chogoria, mwenzangu akiwa amekaa upande wa mlango. Tulipoipita Chuka tulikuta lori la majani ya chai likijikokota. Barabara mbele ilikuwa tupu, nikakanyaga mafuta mpaka chini, nikalipita. Nikaondoa mguu. Injini haikuondoka katika ngurumo yake. Nikagonga kikanyagio kama nilivyozoea, hakikusikia. Mbele yangu barabara ilianza kuinama kuelekea Nithi.

Nilifanya kosa la kwanza: nilikandamiza breki, nikaachia, nikakandamiza tena, nikaachia. Mara ya tatu breki ilikuwa ngumu kama jiwe. Baadaye nilijua sababu. Breki za magari mengi husaidiwa na mvuto wa hewa utokao katika injini. Mlango wa hewa wa injini ukibaki wazi, mvuto huo hupungua mno; iliyobaki ni akiba ndogo, na kila kuachia breki ni kuitumia akiba hiyo. Mama yule aliuliza kwa sauti ya upole, "Mwalimu, kuna nini?" Sikuwa na jibu. Ndipo nilipokandamiza klachi, nikaondoa gia, nikaegemea breki kwa nguvu zangu zote bila kuiachia. Injini ilipiga kelele ya kutisha, lakini magurudumu hayakuwa mtumwa wake tena. Gari lilisimama katika majani ya kando, nikazima swichi. Kimya kilichofuata sijapata kukisahau.

Yashike haya, msomaji, hata kama leo huna gari. Kandamiza breki mara moja kwa nguvu wala usiachie. Ondoa gia. Jitenge kando ya njia. Gari likisha kusimama, zima injini. Usichomoe ufunguo gari likiwa bado linakwenda, kwa maana usukani waweza kujifunga.

Dereva wa lori la chai alitukuta pale, akamchukua mama na mwanawe mpaka Chogoria, kisha akanipelekea mzee mmoja fundi wa kando ya barabara. Nilimpokea kwa maneno yale yale: "Mzee, ni kabureta, hata hii mpya ni mbovu."

Akanitazama. "Mwalimu, sijakuuliza ni nini. Nakuuliza hufanya nini, na hufanya lini."

Nikaeleza. Akauliza: Je, hutokea injini ikiwa baridi au moto? Nikasema, nyakati zote. Hutokea mjini? Mara chache. Hutokea baada ya kukanyaga kidogo, au baada ya kukanyaga mpaka chini? Nikafikiri, nami nikaona haya, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo miezi mingi bila kulitazama. Ilikuwa baada ya kupanda kilima, au baada ya kupita gari jingine. Daima baada ya kukanyaga mpaka chini.

Kisha alifanya kazi yake kwa utaratibu ambao ningependa kila mwanafunzi wa sayansi auone. Kwanza alitazama miguuni, asije akakuta mkeka umekikalia kikanyagio. Haukukikalia. Pili alifungua boneti, injini ikiwa imezimwa, akausukuma kwa kidole ule mkono wa kabureta unaofungua mlango wa hewa. Ulirudi upesi mpaka kwenye kituo chake. Tatu aliniambia nikanyage nusu, niachie, ukarudi. Nikanyage mpaka chini, niachie. Ukabaki nusu ya njia. Nne aliufungua waya wa mafuta kutoka kabureta, na mkono ukaruka mahali pake. "Basi," akasema, "kabureta haina hatia. Mwizi yumo katika waya."

Akauvuta waya kwa upande wa kikanyagio. Ulipotoka kidogo ulikuwa mzima. Ulipotoka wote, nyuzi zake chache zilizokatika zilichomoza katika mdomo wa mrija, zikatawanyika kama miiba ya nungunungu, zikakataa kuingia tena. Ndiyo sababu haukunasa ila unapovutwa mpaka mwisho. Fundi wa kwanza asingeweza kuuona kwa kukanyaga polepole uani kwake. Tena mimi nilikuwa nimekwisha kumpa hukumu badala ya kumpa dalili. Waya mpya uligharimu shilingi 600.

Mzee hakuniacha niende bila kunimalizia somo. Kama mkono wa kabureta ungekuwa umerudi kwenye kituo chake, na injini bado inanguruma, basi waya na springi visingekuwa na lawama. Hewa ingekuwa imepata mlango mwingine: mrija uliopasuka, au gasketi iliyolika chini ya kabureta. Hapo husikilizwa mlio mwembamba wa hewa, na maji ya sabuni hunyunyizwa kwenye viungo. Sauti ya injini ikibadilika, ufa umejitaja wenyewe. Katika magari mengi ya leo hakuna waya kabisa: kikanyagio hutuma habari kwa umeme, na mota ndogo hufungua mlango wa hewa. Fundi huyasoma makosa kwa chombo chake. Lakini swali la kwanza ni lile lile: je, mlango umerudi au haukurudi?

Wala usidhani kosa la kuruka swali la kwanza ni letu sisi wenye magari makuukuu. Mwezi wa Agosti 2009, karibu na San Diego huko Marekani, watu wanne wa jamaa moja walikufa katika gari lililokataa kupunguza mwendo. Mkeka usio wa gari lile ulikuwa umekinasa kikanyagio. Kampuni ya Toyota iliyaita mamilioni ya magari yakarekebishwe. Watu wengi walishuku umeme na kompyuta, hata wahandisi wa NASA wakaombwa wachunguze kwa miezi kadhaa. Taarifa iliyotolewa mwezi wa Februari 2011 ilisema hawakuona ushahidi kwamba umeme ndio uliosababisha mwendo ule wa hatari. Sababu mbili zilizojulikana zilibaki kuwa mkeka na kikanyagio kinachonata.

Niliporudi shuleni nilimkumbuka mvulana mmoja niliyemwandikia katika ripoti neno "mvivu", kwa sababu alisinzia darasani. Nilifungua daftari langu nikajiuliza swali la mzee: lini? Alisinzia asubuhi ya kufuata siku ya soko, wala si siku nyingine. Nilimwita. Kumbe usiku wa soko alimsaidia mama yake kupakia ndizi katika malori mpaka alfajiri. Nililifuta neno lile, nikamwomba radhi.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Nami nimejifunza kwamba ujinga mkubwa ni kujibu kabla ya kuulizwa. Yule mama alipona, na kila tukutanapo huniuliza habari za gari. Nami humjibu kwamba hupanda vizuri, na tena hurudi vizuri.