Vifungu vya Kunakili

Katika zama za utoto wangu hapa Unguja, hapana mzee aliyejishughulisha kutafuta maneno ya kunakili, kwa kuwa maneno yenyewe yalikwisha kuteuliwa kabla hatujazaliwa. Chuoni maalimu alituandikia aya ubaoni kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, nasi tukaifuata kwa jicho na kwa mkono, kisha, ilipokwisha kuhifadhiwa, tukaiosha ili ipatikane nafasi ya nyingine. Na huko skuli ya serikali, ambako mkono uliozoea kuanzia kulia ulilazimishwa kuanzia kushoto, tulipewa madaftari yaliyochapwa Uingereza, kila ukurasa una sentensi moja ya Kiingereza kuhusu utiifu au uwekevu, na chini yake mistari mitupu, tuijaze mpaka mwisho hali hatuna habari ya maana ya tunachokiandika.

Sikusudii kuyadharau madaftari yale. Hati njema ilikuwa riziki, kwani barua ya kuomba ukarani sharti iandikwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe, na mkubwa wa idara aliitazama hati kabla hajaitazama shahada. Tena kalamu ya nibu ilikuwa na sheria zake: kila ulipoinyanyua na kuitua ilitafuta fursa ya kumwaga tone, na kwa hiyo herufi za neno zima ziliungwa kwa mwendo mmoja kwa hofu ya doa zaidi kuliko kwa kupenda uzuri. Ilipokuja bolpeni, isiyodondosha wino wala kujali imeshikwa vipi, sababu ile ikafa. Ikafuata taipureta, ikafuata kompyuta, hata nikastaafu ukarani ilhali mwandiko wangu ulikuwa hauonekani tena ila katika sahihi.

Basi sikutazamia kwamba jambo hili lingenirudia kutoka mbali. Binti yangu, aliyehamia Toronto na mumewe, anawasomesha wanawe nyumbani, kama sheria ya jimbo la Ontario inavyoruhusu. Jimbo hilo liliuacha mwandiko wa kuunga uwe hiari tangu mwaka 2006, likaurudisha kuwa faradhi kuanzia darasa la tatu mwaka 2023; na wajukuu wangu, msichana wa miaka 15 na mdogo wake wa miaka 13, walikuwa wamekwisha kulipita darasa hilo. Waliandika herufi mojamoja, kama mawe yaliyopangwa bila chokaa, na barua za marehemu bibi yao hawakuweza kuzisoma, si kwa kutojua lugha bali kwa kutoijua hati.

“Baba, naomba unitafutie vifungu vya kunakili,” binti yangu aliniambia, “viwe vya Kiswahili, na visiwe vya kitoto, maana hawa wakubwa watanicheka.”

Methali niliziweka kando mapema. Maneno matano huisha kabla mkono haujapata joto, na mtoto wa umri ule huinusa nasaha kabla hajaisoma. Magazeti ya siku hizi nayo sikuyapenda, na hapo ndipo nilipozikagua herufi za lugha yangu kwa jicho jipya. Maneno yetu ya asili yote hukoma kwa irabu, hivyo kalamu humaliza kila neno kwa mkia unaoelekea mbele, tayari kwa neno linalofuata. Lakini *w*, ambayo Kiswahili kimeijaza kila mahali, hutoa kiungo chake juu badala ya chini, na anayenakili “walikuwa” au “mwanawe” hujaribiwa zaidi ya anayenakili ukurasa mzima wa Kiingereza. Yakija maneno yaliyotoka Arabuni, dhahabu, ghadhabu, khatibu, vitanzi vya *b* na *k* na *h* hutakiwa kulala upande mmoja, kisionekane kimoja kimelewa. Kwa ajili hiyo nathari ya zamani, iliyojaa maneno ya namna hiyo, ilinifaa kuliko ya sasa. Kijana nilimpa mapigano ya *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, kama yalivyofasiriwa na Frederick Johnson, nusu ukurasa kwa siku, nikakatiza makusudi pale mkuki ulipo hewani.

Msichana nilimchagulia utenzi ambao Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye mwaka 1858, kwa kuwa ubeti wa vipande vinne, mizani nane kila kipande, hukaa vyema katika ukurasa na kuupumzisha mkono kwa wakati wake. Na kwa kuwa mama yule mgonjwa, mwanzoni kabisa, anamwita mwanawe akae karibu na wino na karatasi, nami sikuona mlango ulio bora kuliko huo. Isitoshe, tungo kama hizi zimetufikia kwa mikono ya wanakili, mfano wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi.

Mjukuu wangu alipofika kwenye beti za wajibu wa mke kwa mumewe, simu ikalia kwangu alfajiri, ambayo kwao bado ni usiku wa jana.

“Shikamoo Babu. Huyu mama hana hata neno moja la kumwambia mume?”

“Marahaba. Nakili kwanza, mjukuu wangu, ubishi uje baadaye.”

Ubishi ukaja. Mama yake alinipigia picha ya waraka ambao binti yule, bila kuagizwa na mtu, alimwandikia Mwana Kupona, ukurasa mzima na nyuma yake, hoja juu ya hoja, kwa adabu inayotetemeka. Na katika yote aliyoniletea sijaona hati iliyoungika namna ile, kwa sababu, nadhani, aliyekasirika hana subira ya kunyanyua kalamu. Tangu siku ile namtafutia vifungu vya kumchokoza. Mdogo wake yungali vitani katika *Mashimo*, na *w* zake zingali zikiangukia mstari wa chini.