PASTA, NISEMEE MWANANGU



Jumapili iliyopita mama mmoja wa hapa Jericho alinisubiri hadi watu wote wakatoka kanisani. Kijana wake wa miaka 19 amepatikana na hatia katika korti ya Makadara. Alikamatwa na bastola, ile vijana wetu huita mguu wa kuku, na risasi mbili. Hajawahi kushtakiwa maishani. Kabla ya hukumu, hakimu ameitisha ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa huyo huongea na familia, na chifu, na majirani. Safari hii ataongea na mimi pia.

"Pasta, mwambie ni mtoto wa kanisa. Mwambie bado anaimba kwaya."

Mpendwa, kijana huyo aliacha kwaya miaka miwili iliyopita. Na nilijua. Usiku mmoja nilimwona karibu na Camp Toyoyo akiwa na kundi ambalo kila mtu mtaani analijua. Nilipita tu. Nilikuwa nachelewa kesha ya maombi.

Tena kwenye kanisa hilo hilo ameketi dada yetu muuza mboga, aliyewekewa bunduki kichwani mwaka jana akifunga kibanda. Hakuwa kijana huyu. Lakini nikidanganya korti kuhusu bunduki, dada huyo nitamtazama vipi nikimpa Meza ya Bwana?

Nikamwambia mama, "Sitadanganya. Lakini sitamwacha."

Someni tena barua ya Paulo kwa Filemoni. Onesimo alikuwa amekosa, na Paulo hakuficha. Alichosema ni kwamba kama kuna deni, liandikwe kwake yeye. Huko ndiko kumsemea mtu. Neema haisemi hakuna deni; neema inauliza nani atasimama karibu na mdaiwa.

Kwa hivyo nilimweleza afisa yote: kwamba kijana alituacha, na kwamba sisi pia tulimwacha. Kwamba hili ni kosa lake la kwanza kortini. Kwamba fundi mmoja wa kuchomelea hapa kanisani yuko tayari kumfundisha kazi siku atakapotoka, na kwamba nitamtembelea popote atakapopelekwa.

Sitaki mjidanganye. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, ni kali. Kosa la kwanza linaweza kumfanya hakimu apunguze miaka, lakini halifuti bunduki. Siku alizokaa rumande Industrial Area zinapaswa kuhesabiwa, na huenda bado akafungwa. Hata hivyo namshukuru Mungu kwamba alifika mbele ya hakimu akiwa hai. Wangapi wa Eastlands tumewazika bila kesi kusikizwa?

Hukumu ni Alhamisi. Nitakuwa kwenye benchi pamoja na mamake.

Na wewe, mpendwa, kuna kijana kwenye ploti yenu ambaye umeanza kumpita bila salamu kwa sababu ya watu anaotembea nao. Leo usimpite. Mwite kwa jina lake. Afisa wa probesheni asiwe mtu wa kwanza kukuuliza habari zake.

Baba, tusamehe kwa wale tuliowapita tukiharakisha kuja kukuomba. Wape mahakimu hekima, waliojeruhiwa faraja, na vijana wetu njia ya kurudi nyumbani. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha umpigie huyo kijana simu.