Tango kwa Klarineti

Mzee huyo alirejea Kemambo, ng'ambo hii ya Mto Mara, akiwa na klarineti ndani ya sanduku jeusi lililobanduka pembe, na upweke wa mtu aliyefiwa. Miaka mingi aliitumikia bendi ya polisi, sehemu kubwa yake Unguja, na huko ndiko alikooa. Mkewe, mzaliwa wa Ng'ambo, hakuwahi kuiita klarineti kwa jina lake. Kwake ilikuwa "hicho kijiti chako kinacholia". Hata hivyo jioni, akimenya muhogo, alikuwa akiimba kwa sauti ya puani taarabu moja ya zamani ambayo mwendo wake haukuwa wa rumba wala wa bolero. Ulikuwa wa tango.

Neno hilo liliwachekesha wajukuu. Kwao tango huota shambani na kuliwa kwa chumvi. Wakasema babu anatafuta muziki wa matango. Hakukasirika. Alichokitafuta ni nota: tango iliyoandikwa kwa ajili ya klarineti, aipige kabla meno yake mawili ya mbele, ambayo tayari yalikuwa yakicheza, hayajamtoka. Mpiga klarineti huikalisha chombo chake chini ya meno ya juu. Yakitoka, mkono hujua na pumzi hujua, ila mdomo hauna pa kushikia.

Visiwani, tango haikuja na meli kutoka Amerika ya Kusini moja kwa moja. Ilipitia Misri. Mohamed Abdel Wahab aliiingiza katika nyimbo za filamu zake miaka ya 1930, na mafundi wa taarabu wa Unguja, ambao Ikhwani Safaa yao iliasisiwa mwaka 1905, walizinasa nyimbo za Misri kwa sikio na kuzivisha Kiswahili. Nyuma zaidi, tango yenyewe ilikulia Buenos Aires na Montevideo, miji iliyopokea watumwa kutoka Kongo na Angola, na wengine, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, kutoka pwani ya Msumbiji. Isisemwe kwa pupa kwamba tango ni mtoto wetu aliyepotea. Wazazi wake ni wengi mno. Lakini ngoma za watu hao zimo ndani yake, na si jambo dogo kwamba mwendo huo ulizunguka bahari mbili ndipo ukatua barazani mwa Unguja.

Klarineti nayo si mgeni katika muziki huo. Vikundi vya mwanzo vya tango vilikuwa na filimbi, fidla, gitaa, na mara nyingine klarineti, hadi bandoneoni, kinanda cha mkononi kilichotoka Ujerumani, kilipokuja na kuvisukuma kando vyombo vya pumzi.

Swahiba wake mmoja wa bendini akampatia, kwa simu ya mjukuu, mazoezi sita ya Astor Piazzolla ya mwaka 1987. Yaliandikwa kwa filimbi ya Kizungu pekee, bila chombo cha kusindikiza, na wapiga klarineti wengi huyapiga. Hapo kazi ikaanza. Klarineti ya bendi hutoa sauti iliyo chini ya nota iliyoandikwa kwa toni nzima, kwa hiyo kila nota yapasa kuandikwa upya, juu zaidi. Na filimbi inapokuwa tayari imepanda kileleni, klarineti huanza kupiga kelele kama mbuzi. Mzee alinunua daftari la shule, akachora mistari mitano mitano kwa rula, akahamisha ukurasa baada ya ukurasa. Jirani mpiga iritungu, lile zeze la nyuzi nane la Wakurya lenye mngurumo wa chini, alisikiliza siku mbili na kuuliza mbona wimbo huu hauna mtu wa kuuimba.

Swali lilimchoma. Muziki wa Piazzolla ulikuwa mzuri, tena mgumu, lakini haukuwa ule wa jioni za muhogo. Ule haukuandikwa popote. Alikumbuka beti zake mbili. Kiitikio kilikuwa kimemtoka.

Akampigia shemeji yake Unguja.

"Shemeji, ile aliyokuwa akiiimba dada yako, kiitikio chake kinaendaje?"

Kimya kikapita, kisha kicheko chepesi, kisha sauti ya puani, ikipanda pale ambapo yeye alidhani inashuka. Mtandao ukakatika. Akapiga tena, akaomba arudie, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kikombe, kalamu ya risasi mkononi. Mara ya tatu shemeji alikuwa analia, lakini hakuacha kuimba.

Ilipopambazuka alilowesha mwanzi wa klarineti kwa ulimi, akaufunga, akaanza polepole. Jirani akaja na iritungu lake bila kuitwa.