Kompaila Akinyamaza

Tangu niache chuo, mwalimu wangu wa Java ni kompaila tu, huku Likoni, ng'ambo ya feri. Ni mkali: sahau nukta mkato, atakusimamisha hapo hapo. Lakini tangaza aina mpya hivi, "abstract interface Malipo", naye atapita kimya. Hilo "abstract" halina kazi pale. Kila "interface" tayari ni "abstract", na kanuni rasmi za Java zinasema lisitumike kwenye programu mpya. Mashine haijali. Anayeteseka ni asiye na mhadhiri wa kumuuliza, anakesha huku bando likiisha, akisaka maana ambayo haipo. Wewe unayejifundisha mwenyewe, shika hili: kompaila kunyamaza si kusema neno lina maana. Wala usiharakishe kujiona mjinga.