Gunzi, Waya na Kitambaa

 

Mara hii tunataka kuongea nanyi juu ya vitu vya kuchezea ambavyo watoto wanaweza kujitengenezea wenyewe. Sisi ni kundi dogo la akina mama na akina baba, tunakaa na watoto Jumamosi asubuhi chini ya mti. Wengine tumetoka Kivu ya Kusini, wengine Burundi, wengine Rwanda. Walimu hatumo. Mmoja wetu alikuwa fundi cherehani, mwingine fundi baiskeli, waliobaki tunajua tu yale tuliyoyafanya tukiwa wadogo kwetu.

Vitabu vya kazi za mikono vya watoto huwa vinaanza hivi: chukua takataka za nyumbani, kopo tupu, kitambaa kibovu, karatasi iliyotumika. Sasa jamani, hapa Dzaleka takataka hizo ziko wapi? Kopo tupu ndilo linapimia unga sokoni. Kitambaa kibovu ni nepi ya mtoto mchanga. Chupa ya plastiki inawekwa mafuta ya kula. Karatasi inawasha moto, na gunzi la mahindi lenyewe ni kuni. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000 hadi 12,000, na sasa tumepita 50,000. Kila kitu kinachoanguka chini kina mtu anayekitafuta. Kwa hiyo ukimpa mtoto gunzi moja achezee, umepunguza moto wa jioni. Tunaanza na neno hili kwa sababu wageni wengine wakituona na watoto wanasema, "Vizuri sana, na haigharimu kitu." Inagharimu. Kila familia inabidi iamue yenyewe itatoa nini.

Tuanze na hilo gunzi. Hapa Malawi mahindi yanavunwa kuanzia mwezi wa nne mpaka wa sita, na wakati huo maganda na magunzi ni mengi kuliko wakati mwingine wowote. Mwanasesere wa gunzi hata mtoto wa miaka mitano anamweza. Gunzi ndiyo mwili. Kichwa unakitengeneza kwa ganda la hindi: liloweshe kwenye maji kidogo mpaka lilegee, maana ganda kavu linapasuka ukilikunja. Halafu weka kifungu kidogo cha matambara katikati, likunje juu yake, ulifunge shingoni kwa uzi. Sehemu inayobaki chini ya shingo unaifunika juu ya gunzi na kufunga tena kiunoni. Mikono ni ganda jingine lililosokotwa kama msuko wa nywele, unalipitisha chini ya shingo kabla hujafunga kiuno. Nywele ni zile ndevu za mahindi. Nguo ni kipande cha kitenge cha upana wa vidole vinne. Hapo mtoto amemaliza, na utamkuta ameshambeba mgongoni na anakwenda "kuteka maji".

Uso hatuchori. Tulianza kuchora macho kwa mkaa, wasichana wenyewe wakakataa. Eti akiwa na uso anakuwa mtu mmoja tu, bila uso anaweza kuwa mtoto leo na kesho bibi harusi. Tukawaachia.

Mwaka jana, msimu wa mavuno, msichana mmoja wa kundi letu alimlaza mwanasesere wake karibu na mafiga akaenda shule. Mama yake alikuwa na haraka ya kupika, mvuke wa maharage ulikuwa bado, kuni zimekwisha. Akashika gunzi, akalitia motoni pamoja na nguo yake. Mtoto aliporudi hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Mama, ile ilikuwa mutoto yangu." Mama huyo alitusimulia mwenyewe, na wengi wetu tulinyamaza, kwa sababu nani kati yetu angefanya tofauti na chungu kiko jikoni? Kuni ni kuni. Lakini kutoka hapo yule mama wa cherehani alileta kibunda cha uzi mwekundu, na kila mtoto akafunga kitu chake. Nyumbani wote wanajua: chenye uzi mwekundu hakiguswi, hata moto uzimike. Baba mmoja alilalamika kwamba kijana wake sasa anafunga uzi mwekundu kwenye kila kitu, mpaka kwenye kijiko kizuri cha nyumba. Hilo watamalizana wenyewe.

Mpira hatuna haja ya kuueleza sana, kila mtoto wa kambi anaujua. Kwetu Kivu tuliusuka kwa makoko ya migomba. Huku migomba si mingi hivyo, basi ni matambara ndani, mifuko ya plastiki juu, na kamba ya kuzungusha. Tunaongeza jambo moja tu. Mpira unaoharibika upesi ni ule uliofungwa mwishoni tu. Funga kila tabaka: matambara yakandamize, zungushia kamba, mfuko wa kwanza, kamba tena, mfuko wa pili, kamba tena, na kila mara uuviringishe chini kwa kiganja ili uwe duara. Kama kuna soksi isiyo na mwenzake, ivalishe mwisho. Mpira kama huo tumeuona ukicheza muda mrefu, na hauvunji dirisha la mtu.

Sasa tuje kwenye gari la waya, maana hapo ndipo tulipojifunza sisi wenyewe. Wenyeji wanaliita galimoto, ndilo neno lao la gari, na watoto wetu wote wanaliita hivyo hivyo, awe Mkongomani, awe Mrundi. Limejulikana hata mbali. Kuna kitabu cha picha cha watoto kinachoitwa Galimoto, kimeandikwa na Karen Lynn Williams na kuchorwa na Catherine Stock, kilitoka mwaka 1990. Kinasimulia mtoto wa Malawi, Kondi, anayezunguka kijijini siku nzima akitafuta vipande vya waya vya kutengenezea gari lake.

Na kweli kazi kubwa ni kutafuta waya. Waya mzuri umo ndani ya matairi ya magari, na vijana wakubwa wanachoma tairi ili waupate. Wazazi, hilo tulikataze kabisa. Moshi wa tairi ni sumu, na mtoto anayechochea moto huo anauvuta wote kifuani. Wala uzio wa jirani usiguswe, tusije tukaleta ugomvi na wanakijiji kwa ajili ya mchezo. Nenda kwa mafundi baiskeli. Spoki zilizokatika ni fremu nzuri. Waya wa breki ulioharibika ukifumuliwa unatoa nyuzi nyembamba nyingi za kufungia viungo. Mafundi wengine wanatoa bure, wengine wanataka chochote.

Fremu inakunjwa kwa waya mnene, kwanza sakafu ya gari yenye pembe nne, halafu nguzo na paa. Kila kiungo kinazungushwa waya mwembamba mara tano au sita, na ncha inakunjwa kuingia ndani isije ikachoma mkono. Magurudumu tunakata kwenye kandambili zilizokwisha. Kukata kwa wembe na kutoboa kwa msumari wa moto ni kazi ya mtu mzima, hilo hatubishani. Ekseli ya nyuma ni rahisi. Ya mbele ndiyo yenye akili, maana lazima igeuke kushoto na kulia, na sisi hapo tulikwama. Gari letu la kwanza lilikwenda mbele tu kama treni.

Mnakumbuka mwaka 2023, amri ilipotoka kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Familia nyingi zilifika hapa zikiwa na magodoro na masufuria tu, maduka yamebaki nyuma, na watoto wametolewa shuleni katikati ya masomo. Kati ya watoto hao kulikuwa na kijana mmoja, miaka tisa hivi, aliyekulia Lilongwe. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kichewa ndiyo lugha yake ya mchezo. Alikuwa anakuja Jumamosi na dada yake mdogo, anamwacha katikati ya wengine, yeye anakaa pembeni ameegemea ukuta. Ukimwita hasogei. Mama yake alituambia hata nyumbani ni hivyo, anakula, analala, hasemi. Hatukumlazimisha. Tulimwacha akae.

Jumamosi ya nne au ya tano, fundi wetu wa baiskeli alikuwa anahangaika na ile ekseli ya mbele, anaifunga inakaza, anailegeza inaanguka. Yule kijana akainuka ukutani. Hakusalimia mtu. Akaja, akaelekeza kwa kidole, akasema maneno mawili ya Kichewa ambayo fundi hakuyaelewa. Fundi akamwachia koleo. Na kijana akafungua kazi yote. Akaifunga fimbo ndefu moja kwa moja kwenye ekseli ya mbele, halafu akaipitisha fimbo hiyo ndani ya kitanzi kilicholegea katikati ya fremu, ikapanda juu mpaka usawa wa kifua, na juu yake akakunja duara la usukani. Kumbe ekseli haishikwi pande mbili, inashikwa katikati tu! Ukizungusha usukani, magurudumu yanafuata. Na mtoto hainami, anatembea wima anaendesha kama dereva wa lori.

Papa fundi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alisema mbele ya watoto wote, "Mwalimu, nionyeshe tena." Tangu siku hiyo kijana huyo anaitwa Mwalimu. Bado si msemaji sana. Lakini anakuja kabla yetu, na mara mbili tumemkuta na watoto wa kijiji cha jirani, wamepanga magari yao matano barabarani, wanabishana kwa Kichewa nani ana breki.

Wazazi wengine wanatuuliza juu ya rangi na gundi, kwa sababu penseli za rangi zinazoletwa na wageni zinakwisha wiki ileile. Nyekundu ni vumbi la tofali lililopondwa laini na kuchekechwa kwenye kitambaa. Nyeusi ni mkaa. Njano ni binzari, kama jikoni ipo. Majani mabichi yanatoa kijani, lakini jua linakifuta upesi. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha. Gundi ya kawaida ni kijiko kimoja cha unga kwenye kikombe cha maji, unakoroga motoni mpaka kiwe kizito. Lakini tunarudi palepale: unga ni chakula. Sisi tunatumia uji uliogandia kwenye sufuria ya asubuhi, kabla haijaoshwa. Unashika vizuri, unatosha kuchanganyia vumbi la tofali na hata kwa shanga za karatasi, zile za kukata pembetatu ndefu na kuzungusha kwenye njiti kuanzia upande mpana. Anikeni juani zikauke vizuri, la sivyo mende watazila usiku. Na madaftari ya shule yasikatwe kabla mitihani haijapita, tafadhali! Tumeshaona shanga zenye hesabu za mwezi huuhuu.

Kuna jambo moja ambalo hatujakubaliana mpaka leo, na tunaliweka hapa ili mtusaidie. Mgeni mmoja alipita akaliona gari la Mwalimu, akataka kulinunua. Pesa aliyotaja si ndogo, ingetosha madaftari na sabuni. Nusu yetu tukasema auze, nyumbani kuna shida, na mtoto kujua kwamba kazi ya mikono yake ina bei ni jambo zuri. Wengine tukasema hapana, tukianza hivyo kesho wazazi watawakalisha watoto kutengeneza magari ya kuuza, na Jumamosi yetu itageuka kiwanda. Mama mmoja alikasirika kweli. Alisema sisi tunaokataa pengine tumekula jana yake. Hilo lilituuma, kwa sababu kuna ukweli ndani yake.

Tukamwuliza mwenye gari. Alifikiri kidogo, akajibu kwa Kiswahili chake cha kujifunza: hii haiuzwi, iko na uzi mwekundu. Lakini mgeni akitaka, arudi wiki ijayo, atamtengenezea ingine. Mgeni alirudi. Gari la pili lilikuwa zuri kuliko la kwanza, na pesa alipewa mama yake.

Sasa watoto wengine watatu wanataka kufanya vilevile. Tutakaa wazazi wote Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, tuamue pamoja: je, mtoto auze, na akiuza pesa ni ya nani? Mwenye maoni aje, hata kama hana mtoto kwenye kundi. Na mwenye spoki zilizokatika, kandambili zisizo na mwenzake au uzi mwekundu, aje navyo. Uzi unakaribia kwisha.