Kung'arisha Nyuzi za Kioo

Wakati wa likizo moja nalikaa katika karakana ya fundi, naye akanipa kazi ya kung'arisha nyuzi za kioo. Kila uzi ni mwembamba kama unywele, nao hupitisha mwanga toka ncha hata ncha. Nyuzi 100 zilikuwa zimegandishwa kwa gundi ndani ya bomba dogo la chuma. Ncha ikiwa na mikwaruzo, mwanga hutawanyika.

Basi nikaanza na msasa wa mikroni 30, uliotiwa maji, nikizungusha mkono kama mtu aandikaye tarakimu 8. Ukafuata wa 9, kisha wa 3, mwisho wa 1. (Mikroni 1,000 ni milimita moja tu.) Kila nibadilipo msasa ilinipasa kuosha ncha na mikono. Mara moja nalifanya uvivu. Fundi akatazama kwa kioo cha kukuzia, akasema, "Mwalimu, chembe ya msasa wa kwanza imekufuata." Naliona haya, mimi niwakemeaye watoto kwa madaftari machafu! Nikarudia tangu 30.

Jioni nikaelekeza ncha moja dirishani. Ncha ya pili ikajaa nukta za mwanga, ila tatu zilibaki nyeusi: nyuzi zake zilikuwa zimevunjika ndani.