Mizinga ya Babu

Babu yangu alikuwa na mzaha mmoja ambao wajukuu wote tuliujua kwa kichwa, na bado tulimwomba aurudie. "Mwingereza alikuja Tanga na mizinga," alikuwa akianza, kisha ananyamaza, anapiga funda la kahawa, anatutazama mmoja mmoja. "Kumbe na sie tuna mizinga yetu!" Mizinga yake ilikuwa magogo yaliyotundikwa mitini upande wa Ras Kazone, yamejaa nyuki.

Novemba 1914 alikuwa na miaka kumi hivi. Manowari ya Waingereza, Fox, ilipoingia tarehe 2 na kuutaka mji, uliokuwa chini ya Wajerumani, usalimu amri, mama yake alijitwika sufuria na ungo, akambeba mdogo mtu mgongoni, wakashika njia ya Pongwe. Kwa hiyo vita hakuviona, alivisikia tu. Waliporudi, mjomba wake alijipatia koti zito la kijeshi lililoachwa ufukweni, na akalivaa, joto la Tanga lile, mpaka likamchanikia mwilini.

Shuleni nako tulifundishwa hivyo hivyo: nyuki ndio waliomshinda Mwingereza. Niliamini mpaka nikawa mtu mzima. Siku moja, katika maktaba ya Dar es Salaam, nikakutana na kumbukumbu za Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani mwenyewe. Anasema nyuki waliwavamia hata watu wake wa bombomu. Nikarudia ukurasa ule mara mbili. Kama waliuma huku na huku, basi aliyeshindwa alishindwa na nini?

Nikaanza kusoma habari za Meja Jenerali Aitken, kamanda wa Waingereza. Alikuja na watu wapatao 8,000 kutoka India, wengine wamepewa bunduki mpya muda mfupi tu kabla ya safari, wamekaa melini majuma kadhaa wakitapika. Maafisa wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walioijua nchi na askari wake, walijitolea kumsaidia, akakataa. Fox ilipiga hodi kwanza, na Lettow-Vorbeck akapata nafasi ya kupakia askari wake kwenye treni huko Moshi na kuwateremsha Tanga. Siku ya pambano kubwa, tarehe 4, alikuwa na watu kama 1,000 tu.

Lakini kilichonikaa rohoni ni usiku wa siku ile. Baadhi ya vikosi vya India vilikuwa vimekimbia, ni kweli, ingawa wengine, Wagurkha, Wakashmir na Waingereza wa Lancashire, waliingia mjini wakapigana nyumba kwa nyumba kabla ya kurudishwa nyuma. Giza lilipoingia, tarumbeta ya Wajerumani ikaeleweka vibaya, nao wakaondoka wakarudi kambini kwao nje ya mji. Mji ukabaki mtupu! Aitken hakutuma mtu wa kwenda kuchungulia. Kesho yake akawapakia watu wake melini, akaacha bunduki, bombomu na risasi laki kadhaa mchangani. Vitu hivyo vilimfaa Lettow-Vorbeck kwa muda mrefu.

Katika ripoti yake Aitken aliwatupia lawama askari wa India. London haikumsikiliza: habari za Tanga zilifichwa kwa miezi, naye akaitwa nyumbani, akashushwa hadi kanali na kuwekwa kwenye nusu mshahara. Miaka ikapita akihangaika kusafisha jina lake. Sisemi alionewa. Ila wale waliomchagua na kumkabidhi vikosi vile, sijasoma mahali kwamba wao mshahara wao uliguswa.

Nilipoenda Tanga likizo nikamweleza babu yote haya, kwa kiherehere cha kijana aliyesoma. Alisikiliza kimya, kikombe mkononi.

"Hivyo huyo mkubwa wao walimkata mshahara?"

"Nusu, babu."

"Na wale Wahindi aliowasingizia?"

Nikamwambia majina yao yamechongwa kwenye jiwe pale makaburini, mjini. Akasema anapajua, aliwahi kupita pale akitafuta mbuzi wake. Kisha akaniuliza kama nauli ya basi imepanda.

Jioni watoto wa jirani wakaja, wakakaa mkekani, mmoja akaanza kumbembeleza. Babu akajiweka sawa, akapiga funda la kahawa. "Mwingereza alikuja Tanga na mizinga," akaanza, akanyamaza kama kawaida yake. Safari hii hakuwatazama watoto. Alinikazia macho mimi, mpaka alipohakikisha kwamba sitafungua mdomo.